Kava la kochi linaachia mshono kila mtu akikaa, nakosea wapi?

Swali lenyewe lilikuja hivi: "Shikamoo fundi. Niko Mafinga, nina makochi mawili ya mtu mmoja mmoja, yale manene yenye mikono ya duara, nilitengenezewa na fundi wa mtaani miaka kama sita nyuma. Kitambaa kimechakaa na watoto wamekichora kalamu ila kochi lenyewe bado zima. Mwaka jana nilimpa fundi cherehani anishonee makava. Siku ya kwanza yalikaa vizuri hadi nikapiga picha. Wiki ya pili yakaachia mshono pale kikalio kinapokutana na mgongo, na mtu akiinuka kava lote linakuja mbele. Nina cherehani ya Butterfly ya kukanyaga, nimeshona sare za watoto na mapazia. Naweza kushona mwenyewe? Kitambaa gani, mita ngapi? Na yale ya zamani niyatupe?"

Marahaba mdogo wangu, na kamwene, salamu ya huko kwenu. Usiyatupe. Hilo nalijibu kwanza maana nawajua, mtu akishakasirika na kitu anakigeuza dekio.

Fundi wako sidhani kama alikosea kushona. Alikosea kupima. Alikuja na tepu yake, kochi liko tupu, hamna mtu amekaa, akapima mgongo, akapima kikalio, akaunganisha pale kwenye kona kama anavyounganisha kiuno cha suruali, likatoka limebana kama soksi. Ndo maana picha ilitoka nzuri. Sasa kochi kazi yake sio kupigwa picha, likikaliwa lile sponji linazama, mgongo nao unarudi nyuma, na kitambaa kinatakiwa kifuate huko kote. Kisipokuwa na cha kufuatia kinavuta mshono, na mshono ukichoka unaachia. Usipoachia mshono kitachanika kitambaa, na hiyo ni mbaya zaidi.

Kama huniamini chukua kamba ya katani au hata uzi wa kufumia. Bana ncha moja juu ya mgongo kwa pini, ishushe mgongoni, itumbukize kwenye kona, ipitishe juu ya kikalio hadi ining'inie mbele. Pale inapovuka ukingo wa mbele weka alama ya peni. Alafu mwite mtu mwenye mwili, baba watoto au jirani, akae kabisa, ajiegemeze kama anaangalia mpira. Ile alama itapanda kuja ndani. Pima imepanda kiasi gani, hicho ndo kitambaa ambacho fundi wako alikunyima. Kwenye sponji laini la miaka sita usishangae ukikuta inchi 2 au 3. Mi huwa nazidisha mara mbili, maana mtu hakai tu, anajitupa, na watoto wanaruka.

Hili nimejifunza kwa aibu. Mwaka wa kwanza nafungua kibanda changu Mwanjelwa, Mbeya, nilishona makava ya seti nzima kwa familia moja ya maeneo ya Forest, walikuwa na kipaimara cha mtoto. Nilijiona fundi kweli, yamebana, hayana hata kunyanzi moja. Nikaalikwa kabisa nile pilau. Mgeni wa kwanza kukaa alikuwa mzee mmoja mnene wa haja, alivyokaa tu tukasikia prrrr, sebule nzima ikanyamaza, mzee wa watu akadhani ni suruali yake, akawa anajishika nyuma. Sikula vizuri siku ile. Tangu hapo sipimi kochi kabla sijalikalia.

Kwa hiyo kitu kikubwa hapa ni akiba ya kona. Mi naiita hivyo, akiba. Ni kitambaa cha ziada unachokiacha kikalio kinapokutana na mgongo, na kikalio kinapokutana na mikono, kisha unakitumbukiza kwenye ule mfereji kisionekane. Kabla hujapanga chochote ingiza mkono kwenye mfereji wa kochi lako (utakuta na kalamu, sarafu na rimoti mliyoitafuta tangu Pasaka). Mkono ukizama hadi karibu na kifundo, weka akiba ya sentimita 15 (sisi mafundi tunasema senti) kila upande. Yaani kipande cha mgongo kinazidi senti 15 chini, na cha kikalio kinazidi senti 15 nyuma, unaviunganisha huko chini gizani. Mkono ukizama vidole tu, weka senti 8 hadi 10. Kama hauzami kabisa, fundi kochi wako alifunga kile kitambaa kwa misumari, basi weka senti 5 na ule mto wa kukalia ndo utaficha mambo.

Ila akiba haikatwi sawasawa mwanzo mwisho, na hapa hata mafundi wazuri wanapotea. Mfereji kati ya kikalio na mkono una kina huku nyuma, ukija mbele unafika sehemu unaisha kwenye uso wa mkono. Kwa hiyo nyuma akiba ni senti 15, inapungua taratibu, hadi mbele inabaki senti 2 za mshono basi. Vivyo hivyo mkono unapokutana na mgongo, chini kwenye kikalio ni 15, inapanda ikipungua hadi juu ya mkono inabaki 2. Ukikata sawa kote utapata mfuko wa kitambaa umetokeza mbele kama shavu la mtu mwenye jino bovu, ukikata kidogo kote unarudi kulekule kwa prrrr.

Na hii ndo dawa ya makava yako ya zamani. Fumua ule mshono ulioachia, wote, kikalio na mgongo alafu kikalio na mikono. Katikati weka kipande cha kitambaa kingine chochote kigumu, upana kama senti 30 pale mgongoni, upande mmoja uungwe na mgongo na upande wa pili uungwe na kikalio, cha kwenye mikono kichonge kiwe chembamba mbele kama nilivyosema. Hakuna atakayekiona, kinaishi kwenye mfereji. Tumia hata marekani au kiroba cha pamba ulichofua. Kama kitambaa chenyewe hakijachanika pembeni mwa mshono hiyo ni kazi ya jioni mbili, na utakuwa na makava ya siku za kawaida wakati unajipanga kushona mapya. Hata kwenye mapya wengi wetu tunatumia kitambaa cha bei ndogo huko chini ili kizuri kionekane juu.

Sasa mapya. Unaweza kushona mwenyewe? Kama umeshona sare, kola ile ya shati na mfuko, unaweza. Kava la kochi halina mshono mgumu kuliko kola. Ugumu wake ni kwamba ni kubwa, linakuelemea mezani, na kitambaa kizito kinajivuta kwa uzito wake hadi mshono unapinda wenyewe. Weka meza au stuli mbili upande wa kushoto wa cherehani zibebe mzigo. Butterfly ya kukanyaga ni mashine nzuri kwa hii kazi, watu wanaidharau tu. Ukifika kwenye mikunjo mizito acha kukanyaga, zungusha gurudumu kwa mkono, tundu kwa tundu. Sindano weka namba 16, kitambaa kikiwa kama jinzi weka 18, uzi wa poliesta ule imara sio wa kushonea blauzi, na urefu wa tundu uongeze hadi kama milimita 3. Tundu dogo kwenye kitambaa kizito ni kama kutoboa stempu, unajitengenezea mstari wa kuchania.

Kitambaa. Hapa nakwambia kama ninavyoona mimi, wengine watabisha. Kwa nyumba yenye watoto, drili ya pamba au kaki ya uzito wa suruali ya kazi. Inafulika, inashika mstari, haiteleziani chini ya sindano. Jinzi nyepesi nayo inafaa. Vitambaa vya mapazia vizito vizuri pia, ila vishike mkononi kwanza, vingi vimepigwa kitu nyuma kinachobanduka ukifua. Mahameli uiache kwa sasa, najua inapendeza, lakini ina manyoya yenye uelekeo, ukikata kipande kimoja juu chini kinaonekana rangi nyingine kabisa, na vikikutana viwili chini ya mguu wa cherehani vinakimbiana. Kitenge ni chepesi mno kwa kukaliwa, kitumie kwenye mito midogo.

Kingine cha huko kwenu na huku kwetu pia. Juni na Julai baridi ikikaza watu wanaingiza jiko la mkaa sebuleni. Cheche moja ikirukia drili ya pamba haiyeyuki, inaunguza kitundu, ila uikung'ute na kuizima mara moja maana pamba inaweza kuendelea kufuka, ikirukia poliesta inayeyuka na kunata, na ikimnatia mtoto ngozini ni balaa. Hiyo peke yake inanitosha kuchagua pamba. (Na jiko litolewe nje kabla ya kulala jamani, dirisha wazi kidogo halitoshi, mkaa unaua watu wamelala, sio mambo ya makochi ila siwezi kupita bila kusema.)

Kupima kitambaa dukani, kikunje kwenye ngumi kwa nguvu uhesabu hadi kumi, ukiachia kikabaki kama karatasi iliyofinyangwa basi kochi lako litakuwa hivyo kila siku. Kinyanyue kwenye mwanga, ukiona sura ya muuzaji vizuri kupitia humo, kirudishe. Alafu omba kipande kidogo cha pembeni, nenda nacho nyumbani, kikunje mara tatu ziwe tabaka nane, jaribu kushona. Kwenye kona za kava tabaka sita zinakutana kirahisi tu, mashine ikigoma ni bora igome kwenye kipande cha bure. Na ukinunua, nunua vyote kwa siku moja kutoka jora moja. Ukirudi wiki ijayo kuongeza mita mbili utaletewa jora lingine, rangi inafanana dukani, ukifika nyumbani kochi moja limekuwa kaka na jingine mjomba.

Mita ngapi. Kila mtu anataka namba moja na mafundi tunaitoa kirahisi, "lete mita tano", lakini inategemea upana wa kitambaa. Nikuonyeshe kwa kochi nene la kawaida, mikono ya duara, mto mmoja wa kutoa, na akiba imeshaingia ndani ya hivi vipimo. Mgongo wa ndani, ule unaoegemea, senti 85 kwa 90. Kikalio pamoja na kushuka mbele, 110 kwa 90. Mikono ya ndani miwili, ikipanda na kuvuka juu, kila mmoja 65 kwa 95. Mikono ya nje miwili, 65 kwa 85. Mgongo wa nyuma unaotazama ukuta, 100 kwa 90. Namba ya kwanza ni ule urefu unaofuata urefu wa jora. Kwenye kitambaa cha upana wa senti 150 hivyo vipande vikubwa haviwezi kukaa viwili viwili, kwa hiyo unavipanga kimoja kimoja, 85 na 110 na 65 mara nne na 100, jumla senti 555. Mita tano na nusu. Ile pembeni inayobaki, kama senti 55 hadi 65 hivi, ndo unatolea mto juu na chini, kuta za mto, nyuso za mikono na vipande vya kamba ya ukingoni. Hakipotei kitu.

Pamba inasinyaa, kwa hiyo mita 6 kwa kochi moja, 12 kwa mawili. Ukitaka sketi chini ongeza mita moja na robo kila kochi. Kitambaa chembamba cha upana wa 115 kitakula kama mita 7 na ushee. Sasa ujanja uko kwenye vitambaa vya mapazia vile vya upana wa senti 280, hapo vipande vitatu vikubwa vinakaa mstari mmoja na kochi zima linatoka kwenye mita 3. Kwa hiyo usilinganishe bei ya mita kwa mita, linganisha bei ya kochi kwa kochi, unaweza kukuta kile cha bei kubwa ndo rahisi. Lakini haya ni makochi ya mfano. Lako lipime, chora vipande vyako kwenye karatasi ya daftari ya mahesabu, kiboksi kimoja senti 10, kata, vipange. Inaonekana ya kitoto lakini mi hadi leo nafanya.

Kusinyaa, usikisie. Kata mraba wa senti 50 kwa 50, ufue kwa maji ya moto, anika, piga pasi, pima tena. Ukirudi 48 kimesinyaa asilimia 4, na kwa mgongo wa senti 85 hiyo ni zaidi ya senti 3, ambazo ni tofauti kati ya kava kuvaa na kutovaa. Alafu fua kitambaa chote kabla hujakata. Chote. Najua ni kazi, mita 12 za drili zikilowa zinabebwa na watu wawili, lakini usipofua sasa utafua baadaye ikiwa kava, na halitarudi kwenye kochi tena. Pinda ncha kwanza zisifumuke. Na kama ni msimu wa mvua, panga siku yenye jua maana kitambaa kizito kikikaa na maji siku tatu kinanuka uvundo.

Kabla ya kukata kitu kizuri tafuta shuka mbili kuukuu. Kwa mara ya kwanza usikate drili moja kwa moja, tengeneza kava la shuka, hilo ndo litakuwa ramani yako, na ukikosea unacheka tu. Anza na mgongo wa ndani, chora mstari wa chaki katikati ya kochi kutoka juu hadi chini na mwingine katikati ya shuka, vikutanishe, bana kwa pini. Uzi wa kitambaa ukae wima, usipinde, ukipinda kava litajizungusha baada ya kufua. Alafu kikalio, alafu mikono ya ndani, alafu ya nje, mgongo wa nyuma mwisho. Kila vipande viwili vinapokutana vibane kwa pini sambamba na mshono, acha senti 2, kata ziada, na kabla hujatoa chochote chora kwa peni vialama vya kukutania kila baada ya kama senti 15, na andika kwenye kila kipande kinaitwaje na juu ni wapi. Utajiona unachafua tu. Vikiwa vipande kumi na tatu sakafuni saa nne usiku utanishukuru.

Uso wa mkono wa duara usipime kwa tepu. Bandika gazeti, pitisha kidole ukingoni linakunjika lenyewe kufuata umbo, kata hapo ongeza senti 2.

Kuna mtego mmoja hapa ambao makochi yetu ya mtaani yanao. Vitabuni wanasema vika kitambaa kikiwa kimegeuzwa ndani nje, ubane, ushone, ugeuze. Kwa kochi la kiwandani sawa, mkono wa kulia na wa kushoto ni mapacha. Lako limechongwa kwa mkono, na huko Mafinga bila shaka ni paina ya Sao Hill, nzuri lakini ikifanyiwa kazi bado mbichi ikija kukauka inajikunja kidogo. Pima mikono yote miwili kutoka sakafuni. Mi nimeshakuta mkono mmoja umezidi senti 3 na mwenye nyumba hajawahi kujua. Sasa ukivika ndani nje, ukigeuza, kushoto kunakuwa kulia, na lile kava lililokaa vizuri kabisa lina mkono mrefu kwenye mkono mfupi. Ndo maana nasema vika shuka ikiwa upande wake wa kweli, chora, na vipande viandike KUSHOTO na KULIA, kushoto ikiwa ni kwako ukiwa umekaa kwenye kochi, sio ukiwa umelitazama. Amua mara moja usibadilishe. Na usitumie shuka ya kochi la kwanza kukatia la pili kabla hujaivika hapo nalo uone, hata kama fundi ni mmoja.

Kushona kwenyewe sasa nitapita haraka maana we ni mshonaji. Mkono wa ndani unaungwa na wa nje, kisha uso wa mkono unaingia mbele. Kwenye duara chanja kile kitambaa cha ndani kila baada ya senti moja na nusu, usiguse uzi, bila hivyo duara linatoka na pembe kama mkate uliokatwa vibaya. Mgongo wa ndani uunge na kikalio kupitia akiba yao. Alafu mikono iingie pembeni, kwanza kwenye kikalio, kisha kupanda mgongoni. Ile sehemu mkono unapogeuka kupanda mgongo ni ngumu, ishone kwa mkono kwanza tundu kubwa kubwa, vika kochini, kaa, inuka, ukiridhika ndo upeleke kwenye cherehani. Mgongo wa nyuma unakuja mwisho, juu na upande mmoja, upande wa pili ni zipu. Kule kwenye kona za akiba piga mshono mara mbili, mstari juu ya mstari. Butterfly haina zigizaga ya kuzuia kingo zisifumuke, kwa hiyo kusanya kazi yote ukapigiwe ovaloki mjini siku moja, au kunja kingo ndani na ushonee juu.

Ile kamba ya ukingoni, wengi tunaita paipini, ni urembo lakini pia ni kinga, kingo ndo zinasuguliwa kwanza. Kata vipande vya upana wa senti 4 kwa mshazari sio kwa kunyooka, vya mshazari vinakubali kuzunguka duara. Kamba ya ndani nayo ifue kwanza, ikiwa ya pamba itasinyaa ndani ya kava na ukingo wote utajikunja kama kiwavi. Kama unaogopa, kochi la kwanza lifanye bila paipini.

Zipu nunua ile ya kukata kwa mita wanayotumia kwenye mito ya makochi. Iweke kona ya nyuma, na iweke kichwa chini, yaani inafungwa kwa kuvutwa kushuka, ili kile kishikio kijifiche kwenye pindo. Velkro sipendi, inakusanya nywele na vumbi, mwaka ukipita haishiki.

Pindo la chini usilimalize mezani. Vika kava, pima kutoka sakafuni kwenda juu kuzunguka kote, weka alama, hapo ndo upinde. Sakafu zetu hazijanyooka na miguu ya kochi haijalingana. Kwa ndani shona mikanda minne ya kitambaa ya kufungia kwenye miguu ya kochi. Lastiki usiweke, inavuta vizuri miezi mitatu alafu inalegea na kava linaning'inia kama soksi ya mwanafunzi.

Likishakaa, sukuma akiba yote kwenye mfereji kwa kiganja, kisha tumbukiza na roli za sponji, vile vipande vinavyobaki kwa mafundi makochi, kunja unene wa mkono wa mtoto, vifupi kidogo kuliko upana wa kikalio. Hizo zinashika akiba isitoke mtu akiinuka, na zinaachia kidogo mtu akikaa. Hiyo ndo dawa ya kava kukujia mbele. Wengine wanaweka bomba la plastiki, linashika kweli, ila ukijitupa vibaya utajua. Kama kitambaa cha zamani chini kinateleza, tandika taulo kuukuu juu ya kikalio kabla ya kava.

Kuhusu zile kava za kuvutika zinazouzwa zimekunjwa kwenye nailoni, za saizi moja kwa makochi yote, sizisemi vibaya. Kwa sofa nyembamba ya kisasa zinakaa. Kwa kochi nene la mikono ya duara zinapanda tu juu kila mtu akihama, utakuwa unazivuta mchana kutwa.

Kufua, maji ya kawaida sabuni ya unga, geuza ndani nje, funga zipu kwanza. Usisubiri likauke kabisa, likibaki na unyevu kidogo sana livike kochini ulivute, litamalizia kukauka likiwa limeshika umbo na pasi utapiga kidogo tu. Lakini fanya hivyo saa nne asubuhi siku ya jua, milango wazi. Ukivika jioni ya Julai huko Mafinga ule unyevu utaingia kwenye sponji na kochi litanukia mbwa aliyenyeshewa.

Anza na kufumua ya zamani wiki hii, na ujaribu ile kamba. Ukikwama kwenye mkono wa duara nitumie picha ya uso wa mkono peke yake, kwa mbele, tepu ikiwa imelazwa pembeni nione vipimo. Usinitumie picha ya sebule nzima, hapo nitaishia kuangalia vile vitambaa vya kufuma mlivyotandika juu ya tivii.